Unakanyaga Nini? Mwongozo wa Kupima Hatari za Ardhi Nyumbani Kwako Mombasa

Usiku wa Jumatano, 12 Agosti 2020, mnamo saa mbili na robo, vikombe kabatini mwangu vilianza kugongana vyenyewe. Tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilikuwa limepiga chini ya bahari karibu na Dar es Salaam, na likasikika Zanzibar, Mombasa, hata Nairobi. Kesho yake simu yangu haikupumzika. Kazi yangu ni kukagua nyumba na ploti kwa watu wanaotaka kununua, na kila aliyepiga alikuwa na swali lile lile: nyumba yangu itahimili? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya ukingo wa udongo aliouchimba nyuma ya jikoni, wala ya kile kitundu uani kinachomeza ndoo nzima ya maji kabla hujaitua chini.

Tumeziogopa hatari zetu kinyumenyume. Tetemeko kubwa hapa pwani ni mgeni wa nadra. Maji ya mvua, mwamba ulio chini ya miguu yetu na bahari inayoukata mwamba huo ni wenyeji, wako nasi kila masika na kila vuli. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ardhi, halafu nyumba, na bahari kubwa inakuja mwisho.

Utahitaji asubuhi moja ya Jumamosi na vitu ambavyo fundi yeyote anavyo: kamba ya mita 10, utepe wa kupimia, pimamaji, timazi, mtaimbo, penseli na daftari. Ongeza gilasi ya maji na kijiko cha siki. Vipimo hivi havimwondoi mhandisi kazini. Vitakujulisha kama unamhitaji, na akija utajua umuulize nini.

Hatua ya 1: Jua uko juu ya mwamba gani

Mombasa si ardhi ya namna moja. Ukitoka Nyali ukapita kisiwani hadi Miritini, umevuka mikanda mitatu, na kila mmoja una ugonjwa wake.

Mkanda wa kwanza ni matumbawe. Shanzu, Bamburi, Nyali, Mji wa Kale, Kizingo, na upande wa bahari wa Likoni kuteremka kusini, kote huko umekaa juu ya mwamba wa tumbawe uliokua baharini takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ngome ya Yesu, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, imesimama juu ya mwamba huo huo. Ni mwamba mgumu, lakini una matundu. Maji huuyeyusha polepole, na ndiyo maana una mapango.

Mkanda wa pili ni mchanga. Uko nyuma ya tumbawe: sehemu kubwa ya upande wa magharibi wa kisiwa na maeneo ya ndani ya Kisauni. Mchanga hubeba nyumba vizuri madhali hautembei, na kinachoutembeza ni maji.

Wa tatu ni mwamba wa tope, na huu ndio unaoninyima usingizi. Changamwe, Chaani, Mikindani, Miritini na Jomvu zimekaa kwa sehemu kubwa juu ya tope la bahari ya kale lililoganda likawa mwamba wa tabaka nyembamba, la zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Likiwa kavu utalichimba kwa sururu na lisimame wima kama ukuta. Likilowa, hurudia asili yake.

Ipo ramani ya jiolojia ya Mombasa na Kwale iliyochapishwa mwaka 1953, na bado inafaa. Lakini jaribio la gilasi lina ukweli kuliko ramani, kwa sababu linapima ploti yako hasa. Chimba kina cha nusu mita, toa pande la mwamba au udongo kama kaimati, ulianike siku mbili likauke kabisa. Litumbukize kwenye gilasi ya maji na usikoroge. Nililifanya hili mezani kwa mteja mmoja wa Mikindani huku tukinywa chai. Mapovu madogo yalianza kupanda papo hapo. Kabla kikombe cha kwanza hakijaisha, kingo za pande zilikuwa zimefunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi alinitumia picha: chini ya gilasi mlikuwa na tope tupu, hamna jiwe. Akaandika maneno matatu, "Nimejenga juu yake."

Pande la tumbawe litakaa majini mwezi mzima bila kubadilika, ila ukilitonea siki litatoa povu. Mchanga husambaratika mara moja lakini maji yake hutulia haraka na kubaki meupe. Andika matokeo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu ndiyo yatakayoamua hatua gani hapa chini uitilie mkazo.

Hatua ya 2: Waulize wenye kumbukumbu

Kabla ya kushika utepe, tafuta mzee au bibi aliyekaa hapo miaka 40 au zaidi. Usimuulize kama pana hatari. Atakujibu kwa heshima kwamba hapana, hasa akijua unataka kununua kwa nduguye. Muulize mambo madogo: maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi kabla ya nyumba hizi? Palikuwa na kisima? Choo cha zamani kilikuwa upande gani? Mvua ile ya El Niño ya mwaka 1997 iliondoka na nini hapa?

Mkomani niliwahi kumkuta mzee amekaa barazani, nikamwamkia, nikauliza, "Mzee wangu, hapa lilipo gari pana nini chini?"

"Hapo? Hapo pana kisima cha babu. Walikifukia alipofariki."

"Walikifukia kwa nini?"

"Kwa taka, mwanangu. Wangefukia kwa dhahabu?"

Gari lilikuwa la tani tatu. Tulilisogeza kwanza, mazungumzo yakaendelea baadaye.

Majina ya mahali nayo husema. Shimoni, kule Kwale, haikupewa jina lake bure. Mapango yake yanajulikana dunia nzima. Mtaa wenu ukiwa na jina la kisima, shimo au bonde, uliza hicho kitu kiko wapi leo.

Hatua ya 3: Mteremko na ukingo uliochongwa

Ikiwa gilasi yako ilijaa tope, au ploti yako inatelemkia maji ya Tudor, Makupa au Port Reitz, hapa ndipo utakapotumia nusu ya asubuhi yako.

Anza na kuupima mteremko. Mtu mmoja ashike ncha ya kamba ardhini, upande wa juu wa mteremko; mwingine ateremke nayo hadi iishe, akiiinua ikae sawa kwa pimamaji. Pima kutoka kwenye ncha yake hadi ardhini. Kamba ya mita 10 ikiwa na mshuko wa mita 3 na zaidi, yaani kama moja kwa tatu, huo ni mteremko wa kuangaliwa kwa makini. Moja kwa moja, yaani mita 10 kwa mita 10, ni hatari kwenye udongo wa aina hii hata pasiponyesha.

Lakini Mombasa mteremko wa asili sio unaoua mara nyingi. Shida ni ukingo tunaouchonga wenyewe ili kupata nafasi ya kujenga. Mtu ana ploti ya mteremko, anaikata kama keki, anapata uwanja sawa, na nyuma yake anabakisha ukuta wa udongo wa mita nne ulio wazi. Umesimama miaka mitano, naye anaona umeshathibitika. Haujathibitika, haujalowa vya kutosha tu.

Baadhi ya kanuni za ujenzi duniani zina kipimo kimoja rahisi kwa miteremko mikali zaidi ya moja kwa tatu. Nyumba iliyo chini ya mteremko ikae mbali nao kwa angalau nusu ya kimo chake. Nyumba iliyo juu ikae mbali na ukingo kwa angalau theluthi ya kimo. Ukingo wa mita 4 nyuma ya jikoni unadai mita 2. Pima sasa hivi. Wengi ninaowakagua wana upana wa kupitisha mtu mmoja kiubavu.

Ukishapima, tafuta dalili. Simama juu ya ukingo utazame chini kwenye ardhi: je, pana ufa unaofuata mstari wa ukingo, kama herufi C iliyolala? Huo ndio mdomo wa poromoko linalojiandaa. Je, minazi, nguzo za stima au ua wa senyenge vimeinama upande mmoja, vyote kwa pamoja? Mnazi mmoja uliopinda ni mnazi tu, lakini minazi mitano iliyolalia upande mmoja inakuonyesha ardhi inakoelekea. Chini ya ukingo, angalia kama pamefura kama tumbo, au pametokea chemchemi pasipokuwa na maji kabla. Maji yakitoka masafi si neno sana. Yakitoka na tope, udongo unaondoka nayo.

Ukuta wa kuzuia udongo nao ukague. Swali la kwanza si unene wake. Ni je, una matundu ya kutolea maji? Ukuta usio na matundu hauzuii udongo peke yake, unazuia na maji yote yaliyojikusanya nyuma yake, na maji yana nguvu kuliko udongo. Nimeona ukuta wa mawe wa kupendeza, umepakwa rangi na kuandikwa namba ya simu ya kampuni, hauna hata tundu moja. Tundika timazi kutoka juu: ukiinama nje, andika kwa kiasi gani na tarehe, urudie baada ya mwezi.

Kisha fuata maji. Hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa. Gata za paa zinamwaga wapi? Shimo la choo la jirani aliye juu yako liko umbali gani na ukingo? Tangi linavuja? Bomba la maji machafu limepasuka chini kwa chini? Mteremko unaonyweshwa kila siku na shimo la choo hufika masika ukiwa tayari umeshiba. Ikiwa kuna kitu kimoja tu utakachofanya baada ya kusoma haya, kiwe kupeleka maji ya paa kwenye mtaro, mbali na ukingo.

Usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, mvua kubwa iliyonyesha juu ya ardhi iliyokwisha kulowa iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wakiwa wamelala. Milima yetu si ya kimo kile, lakini mpangilio ni ule ule: siku kadhaa za mvua, kisha mvua moja kubwa, kisha usiku. Weka kopo lenye pande zilizonyooka uwanjani na usome milimita kila asubuhi kwa rula. Baada ya msimu mmoja utajua mvua gani hufanya chemchemi itokee nyuma ya jikoni yako, na hicho ndicho kipimo chako, hakuna atakayekupa kingine. Ikifika hapo, watoto wasilale chumba cha upande wa ukingo. Kuhamisha godoro hakugharimu kitu.

Hatua ya 4: Matundu ya tumbawe na magenge ya bahari

Walio juu ya tumbawe hujiona wako salama, na kwa maporomoko ni kweli kwa kiasi kikubwa. Hatari yao iko chini.

Chukua mtaimbo uinue kama futi moja, uuachie uanguke kwa uzito wake juu ya mwamba uliofutwa udongo. Tumbawe lililojaa hulia kwa ukali, *tang*, na mtaimbo hurudi mkononi. Juu ya tundu sauti hujaa na kuzama, kama kugonga mtungi mtupu. Piga kila baada ya mita moja kwa mistari, hasa pembeni ya msingi, juu ya njia ya gari na pale unapotaka kuweka tangi. Chora miraba kwenye daftari na utie alama palipolia vibaya. Njia hii haigundui pango lililo mita tatu chini chini, hilo linahitaji kutobolewa kwa mashine, lakini inanasa yale ya juu ambayo ndiyo huvunjika chini ya gurudumu.

Dalili nyingine ni maji yanayotoweka. Mvua ikinyesha, toka na mwavuli uangalie. Mahali pote pakiwa na madimbwi ila mahali pamoja tu ambapo maji yanazunguka na kuingia chini, pana njia hapo, na kila mvua inabeba mchanga kuingia ndani. Kosa la kawaida ni kumwaga gari moja la kifusi na kusawazisha. Mwaka ujao kitundu kitafunguka tena futi mbili pembeni. Kinatakiwa kifunguliwe hadi kwenye mwamba, kizibwe kwa mawe makubwa chini na madogo juu au kwa konkriti, na maji yapewe njia nyingine.

Sasa magenge. Ukikaa au kufanya biashara karibu na ukingo wa bahari, usipime kutoka juu peke yake. Mawimbi hukata mwamba chini, usawa wa maji kujaa, yakaacha paa limening'inia. Ndiyo sababu hata Ngome ya Yesu imelazimika kujengewa ukuta wa kuzuia bahari miguuni mwake. Subiri bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo maji hupwa sana mnamo saa nne za asubuhi. Teremka, simama mbali pembeni, kamwe si chini ya paa la mwamba, ukadirie kwa kijiti kirefu au kwa picha mwamba umeliwa ndani kiasi gani.

Chukua mfano. Genge lina kimo cha mita 12, na ukuta wa nyumba uko mita 6 kutoka ukingo. Theluthi ya 12 ni 4, kwa hiyo unaona uko sawa. Lakini chini mwamba umeliwa mita 3. Ukingo halisi ni pale mwamba uliobebwa unapoanzia, na umbali wako ni mita 3. Haukutosha. Tazama pia vipande vilivyoanguka chini: vyenye uso mweupe na kingo kali vimeanguka juzi, vyenye weusi na chaza vimekaa miaka. Kandokando ya Mama Ngina watu hukaa jioni na mihogo yao ukingoni kabisa. Mimi pia hukaa. Ila huchagua mahali nilipowahi kupatazama kutoka chini.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe, kwa ajili ya tetemeko

Tetemeko kubwa kuliko yote kupimwa Kenya lilipiga Subukia, Bonde la Ufa, tarehe 6 Januari 1928, likiwa na ukubwa wa 6.9. Bonde la Ufa ndilo kitovu cha hatari hiyo nchini. Pwani hatari ni ndogo lakini ipo, kwa sababu chini ya bahari upande wa Tanzania na Msumbiji kuna mpasuko ulio hai wa mgongo wa Davie, tuta refu la mwamba lililo chini ya bahari. Kumbuka kwamba kila hatua moja ya ukubwa ni takriban mara 32 ya nishati. Lile la 2020 lililogonganisha vikombe vyangu, lingekuwa la 7 na mahali pale pale, lingekuwa mazungumzo mengine.

Wazee wa mjini huiita zilzala, na wakiulizwa watakwambia ni amri ya Mungu. Ni kweli, lakini ghorofa ya tatu iliyoongezwa juu ya msingi wa nyumba ya chini si amri ya Mungu, ni ya mwenye nyumba. Hilo ndilo jambo la kwanza kuliuliza: msingi ulipangiwa ghorofa ngapi, na sasa ziko ngapi?

La pili, tazama ghorofa ya chini. Ikiwa ni maduka yaliyo wazi, nguzo tupu bila kuta, na juu yake kuna ghorofa nne zenye kuta tele, jengo hilo lina magoti dhaifu. Likitikiswa, magoti ndiyo hukunjika.

La tatu ni kutu. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, na mchanga wa bahari ukitumiwa kwenye konkriti kazi huwa nyepesi zaidi. Inua macho utazame chini ya slabu na kwenye nguzo: mistari ya rangi ya kahawia, konkriti iliyopasuka kufuata chuma, vipande vilivyoanguka na chuma kuonekana. Gonga kwa kifundo cha nyundo. Ikilia tupu, ndani imeachana. Balkoni ndizo hufa kwanza.

Mji wa Kale una hesabu yake. Nyumba zile za mawe ya tumbawe, chokaa na boriti zimeishi muda mrefu kwa sababu kuta ni nene na boriti hunyumbuka. Zinapoharibika ni pale maji ya paa yanapooza vichwa vya boriti ndani ya ukuta, au mtu anapong'oa dari ya boriti akaweka slabu nzito ya konkriti juu ya kuta za chokaa. Choma kichwa cha boriti kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye boga, usisubiri tetemeko.

Nyufa. Tuna methali inayotuhimiza kuziba ufa, nami naomba uupime kwanza, kwa sababu ufa uliozibwa hauwezi kusema. Ufa usiopitisha kadi ya benki kwa kawaida ni wa plasta. Ukipitisha kadi lakini si penseli, uufuatilie: piga mistari miwili ya penseli pande zake, pima kati yao, andika tarehe ukutani pale pale, urudi kila mwezi. Ukiingiza penseli, au ufa umekwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha na ni mpana juu kuliko chini, ardhi inashuka upande mmoja, mwite mhandisi. Nina mteja Jomvu ambaye ukuta wake una safu ya tarehe kama kuta za shule ambapo watoto hupimwa urefu. Kwa tarehe hizo tuligundua ufa hufunguka masika na kufunga kiangazi. Tatizo halikuwa msingi bali udongo unaofura, na dawa ikawa mtaro, si kubomoa.

Mwisho wa hatua hii, vitu vizito. Tangi la lita 5,000 lililojaa juu ya paa ni tani tano. Limekaa juu ya nini? Kabati limefungwa ukutani? Mtungi wa gesi umesimama wapi? Na ukitikiswa ukiwa ndani, inama, jifunike chini ya meza imara, uishikilie. Kukimbilia uchochoro wa Mji wa Kale ni kukimbilia mahali ambapo mawe ya kingo za paa yataangukia.

Hatua ya 6: Bahari

Tarehe 26 Desemba 2004, kabla ya saa kumi za alfajiri kwa saa zetu, tetemeko la 9.1 lilipiga Sumatra. Mawimbi ya tsunami yalifika kwetu mchana, Jumapili ya pili yake Krismasi, fukwe zikiwa zimejaa. Somalia walikufa mamia. Kenya alikufa mtu mmoja. Tulikuwa na bahati mbili: maji yalikuwa yamepwa, na umbali ulitupa saa nyingi, watu wakaondolewa ufukweni. Bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, kwa hiyo wimbi lile lile likikuta maji yamejaa ni jambo tofauti kabisa.

Upimaji hapa ni mfupi. Tafuta kimo cha sakafu yako juu ya usawa wa bahari kwa programu ya ramani ya simu, ukijua inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Sehemu kubwa ya kisiwa iko juu ya genge na haina shida kubwa. Ukanda wa chini wa fukwe za Bamburi na Shanzu, vijiji vya wavuvi na kandokando ya mikono ya bahari ndivyo vya kutazamwa. Tembea kwa miguu, si kwa gari, kutoka nyumbani hadi mahali pa juu, na uandike dakika. Tembea tena na mtoto na bibi. Dakika za bibi ndizo za kuandikwa.

Kwa tsunami ya mbali, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hupokea tahadhari kupitia mfumo wa Bahari ya Hindi ulioundwa baada ya 2004, na utakuwa na saa. Kwa ile ya karibu hutakuwa na simu wala redio: mtikiso wa sekunde 20 na zaidi ukiwa ufukweni, au bahari kurudi nyuma isivyo desturi na wakati wake, ndiyo tahadhari yenyewe. Panda juu. Samaki waliobaki wazi mwambani waache. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na yanayofuata huja kwa saa kadhaa, kwa hiyo usirudi kutazama.

Hatua ya 7: Zipe alama

Kwa kila hatari andika namba mbili, 1 hadi 5: uwezekano wa kutokea ndani ya miaka kumi, na madhara yake ikitokea. Zidisha. Ile nyumba ya Mikindani ilitoka hivi: ukingo nyuma ya jikoni, uwezekano 4, madhara 5, jumla 20. Nyufa za udongo unaofura, 5 kwa 2, jumla 10. Tetemeko, 2 kwa 4, jumla 8. Tsunami, 1 kwa 1. Mwenye nyumba alikuwa ametenga pesa za kuongeza vyuma kwenye nguzo. Alizihamishia kwenye mtaro, matundu ya ukuta na kusogeza jikoni.

Hesabu hii ina udanganyifu wake: 5 kwa 1 na 1 kwa 5 zinatoa jibu moja, ilhali moja ni kero na nyingine ni msiba. Kwa hiyo popote penye 5 ya madhara mimi hutia wino mwekundu hata jumla ikiwa ndogo, na huuliza nani analala upande huo. Mgonjwa asiyeweza kuinuka huongeza namba moja.

Hatua ya 8: Nani aitwe, na lini upime tena

Alama ya hatari yoyote ikifika 15 na zaidi, au ufa unaingiza penseli, au pana ufa juu ya ukingo, mtafute mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa, mwonyeshe daftari. Daftari lenye tarehe humpunguzia kazi, nawe hukupunguzia ada. Ukitaka kujenga upya au kuchonga ukingo, michoro ipitishwe na kaunti, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ukingo wa jirani ukikuhatarisha, anza kwake, kisha mzee wa mtaa, kisha chifu, na umpelekee picha zenye tarehe, si lawama. Ardhi ikianza kwenda, piga 999 au 112; namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandike kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa mbele, kwa sababu simu yenye namba hizo huenda ikawa ndani.

Rudia ukaguzi mara mbili kwa mwaka: mwezi Machi kabla ya masika, na Oktoba vuli inapokaribia. Mara ya tatu ni asubuhi ya kwanza baada ya mvua kubwa ya kwanza, kabla jua halijakausha ushahidi. Vaa makubazi yenye kushika, beba mwavuli, na anzia nyuma ya jikoni.